Jino Lililokaa Nafasi ya Mwenzake

Nyumba yetu ya zamani ya Mtaa wa Sikukuu imevunjwa. Mdogo wangu alinipigia simu asubuhi akasema, "Dada Tunu, kama unataka kuiaga, iage leo, mafundi wameshapanda juu." Nilivaa viatu huku natoka. Mtu wa umri wangu kukimbia Kariakoo ni kituko, lakini nilikimbia, mkoba unanipiga ubavuni, wabeba mizigo wananipigia kelele za "Pisha, mama, pisha!" na mimi nawapigia wao. Sikukimbilia vyumba. Vyumba tulivihama zamani. Nilichokikimbilia mimi ni bati.

Nilikuta mabati yameanza kushushwa, yamekuwa mekundu kwa kutu. Fundi alipoliburuta moja ukingoni, likatoa ule mlio wa kukwaruza unaokwenda mpaka kwenye mizizi ya meno, na vumbi lake likanijia puani, vumbi la kutu na kinyesi cha kunguru na mvua za miaka mingi. Hapo hapo nikawa mtoto tena, nimesimama uani, nimeshika mdomo, damu ya chumvi inapita kati ya vidole.

Ilikuwa miaka ile ya foleni. Nyinyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa, lakini nitaeleza kwa raha yangu mwenyewe. Uvumi ukipita kwamba sukari itafika duka la ushirika, mtaa mzima ulitoka. Hakuna mtu angeweza kusimama juani siku nzima, watu wana kazi, kwa hiyo kila nyumba iliweka jiwe lake kwenye mstari na kwenda zake. Jiwe lilisimama badala ya mtu. Letu lilikuwa kipande cha tofali chenye rangi ya bluu, na hakuna aliyethubutu kulisogeza. Mgeni wa mtaa akijaribu kusimama hapo, watu wote walimkemea kwa pamoja: "Ndugu, hapo pana mtu!" Nami nililipenda sana neno hilo. Lilikuwa jiwe tu, lakini pana mtu, na yeyote asiyeamini angesubiri aone. Mwenyewe akija, jiwe linaondoka, mtu anaingia mahali pake.

Kazi ya kulinda tofali letu ilikuwa yangu. Baba alifanya kazi bandarini kwa zamu, Mama alishona kwa cherehani barazani, na Bibi, mama yake Baba aliyetoka Lindi kuja kutulea, alikuwa na kazi kubwa kuliko zote, nayo ni kutafuna tambuu na kusimamia nyumba. Siku hiyo mlango wa duka ulifunguliwa ghafla. Watu wakatoka vichochoroni wanakimbilia mawe yao, ndoo na madebe yanagongana, na mimi niliyeinama kuokota tofali letu niliinuka wakati mtu mmoja anapita na debe begani. Sikumjua wala yeye hakujua alichokifanya. Nilisikia kishindo ndani ya kichwa, kisha ulimi ukaenda mbele ukakuta mlango uko wazi.

Jino la mbele, la juu, lilikuwa chini vumbini. Zima kabisa! Nililiokota nikalishangaa. Meno yangu ya utoto yalitoka mafupi, vipande tu, lakini hili lilikuwa na mzizi mrefu mzuri wa rangi ya maziwa. Nililipeleka mbio kwa Bibi, nalia lakini pia nina hamu ya kumwonyesha.

Bibi hakubabaika. Alinisukutua kwa maji ya chumvi, akaliosha jino, akanisimamisha uani nitazame upande linakochomoza jua. Halafu akalirusha juu ya bati kwa nguvu zake zote, akamwambia kunguru achukue hilo la zamani amletee Tunu jipya. Tulisikia likidunda, ta, ta, ta, kisha kimya. Ndivyo alivyofanya kwa kila jino langu, na kila moja lilirudi. Ndivyo alivyofanya kwa Baba pia. "Haya," akasema, akijifuta mikono kwenye khanga, "subiri tu."

Nikasubiri. Kila asubuhi nilikwenda na kioo cha Mama hadi mlangoni kwenye mwanga, nikainua mdomo, nikakagua. Bibi naye alikuja nyuma yangu kukagua. Ufizi ulipona, ukawa laini, ukatulia. Hakikuja kitu. Msimu wa maembe ukaingia ukatoka, mimi bado nina pengo.

Lazima niseme mimi nilikuwa mtoto wa namna gani. Nilikuwa mcheshi. Mama Manka, jirani yetu wa chumba cha pili aliyetoka Kilimanjaro, alikuwa akisema akinisikia nacheka asubuhi anajua chai imeiva. Sasa watoto wa mtaa waliniita Dirisha. "Dirisha, fungua tuchungulie!" Nikajifunza kucheka mkono ukiwa mdomoni, halafu nikajifunza kutocheka. Darasani nilikuwa najibu kwa kuinamisha kichwa. Iliniuma, tena sana, na iliyeyuka ile raha ya kuwa mimi. Bibi aliona. Alikuwa akinitazama mezani, kisha anatazama bati, kama mtu aliyetuma mjumbe ambaye harudi.

Mwalimu wangu ndiye aliyemwambia Mama anipeleke hospitali. Tukaenda kwa miguu, Mama, Bibi na mimi, tukavuka barabara ya Morogoro kuelekea Upanga, kwenye mitaa ya maghorofa na nguo za kuanika madirishani. Mitaani watoto walishanitisha kwamba hospitali kuna mumiani, ananyonya damu ya watu kwa mrija, lakini tulipoingia chumba cha meno Bibi alivuta pumzi akatabasamu. "Pananukia karafuu," akasema, akakaa kwenye benchi kana kwamba yuko kwao. Hata leo nikinusa mafuta ya karafuu moyo wangu unaruka, na si kwa hofu.

Daktari alikuwa kijana, Mtanzania, amerudi si zamani kutoka masomoni Ulaya, kwenye nchi za barafu. Alimpa Bibi shikamoo, akapokea marahaba, akanitazama kinywani kwa kijioo kidogo cha baridi.

"Hilo lililotoka liko wapi?" akauliza.

"Juu ya bati," Bibi akajibu, kwa fahari kabisa.

Daktari akaweka kioo chini taratibu. "Bibi yangu, jino la utoto likitoka, chini yake kuna jingine linasubiri. Hili lilikuwa la ukubwani. Chini yake hakuna kitu. Mngelileta saa ile ile, limelowekwa kwenye maziwa, tungelirudisha pale pale na huenda lingeshika."

Hakusema kwa ukali. Lakini nilimwona Bibi akiangalia mikono yake, ile iliyolirusha jino, akaificha chini ya khanga.

Mama ndiye aliyeuliza sasa tufanyeje. Daktari akasema anaweza kunitengenezea jino la bandia la kuvaa na kuvua, lakini mtoto anakua, kila mara litabana na kubadilishwa. Anaweza kuliacha pengo kama lilivyo, na meno ya pembeni yatalalia humo. Kisha akavuta kiti karibu, na sauti yake ikabadilika. Ikawa sauti ya mtu mwenye jambo lililomkaa rohoni.

"Kuna njia nyingine. Huku chini, pembeni, meno yake yamebanana, hayana nafasi. Kuna gego dogo moja linachomoza sasa hivi, mzizi wake bado haujamaliza kukua. Kwa vyovyote lingehitaji kutolewa. Naweza kulitoa huku chini nikalikalisha huku juu, mbele. Ni jino lake mwenyewe. Likishika, litaendelea kukua, litakuwa na uhai, litakaa naye mpaka uzeeni."

"Umeshafanya hivyo?" Mama akauliza.

"Nimefanya nikiwa na walimu wangu. Peke yangu, bado."

"Na ukikosa?" Ni Bibi huyo.

"Nikikosa, Bibi, litaoza au litalegea, nitalitoa. Atakuwa amepoteza mawili."

Mama akanigeukia, jambo ambalo watu wazima wa siku zile hawakulifanya mara nyingi, akaniuliza, "Wewe unasemaje, mama?"

Mimi nilikuwa nimeshaelewa kila kitu! Nilikuwa nimeelewa vizuri kuliko wote mle ndani. Jino la chini lingekwenda kukaa mbele kama tofali letu la bluu kwenye foleni. Lingeshika nafasi. Na yule mwenyewe, aliye juu ya bati, kunguru akimaliza shughuli zake, angerudi na kukuta mahali pake pamelindwa. Sasa mtu atashindwaje? Hata jiwe likipotea, foleni inajua pana mtu.

"Litakaa mpaka mwenyewe arudi?" nikamuuliza daktari.

Akacheka, akanipigapiga kichwani. "Ehe. Mpaka mwenyewe arudi."

"Basi nataka," nikasema.

Wote watatu walinitazama kama mtoto shujaa. Kumbe ushujaa wenyewe ulitoka kwenye foleni ya sukari.

Tulipotoka nje Bibi alisimama kando ya njia, akafungua pindo la khanga alimofunga tambuu yake, akaitoa majani, popoo na chokaa, vyote, akampa Mama. "Sitatia tambuu kinywani," akasema, "mpaka jino la mjukuu wangu lishike." Mama alitaka kubisha. Tambuu kwa Bibi ilikuwa kabla ya chakula na baada ya chakula. Lakini Bibi alishaanza kutembea.

Siku ya kazi yenyewe niliikumbatia kama sikukuu. Wengine wanasimulia meno kwa kuugua, mimi sina la kuugulia. Sindano ya ganzi iliuma, ndiyo, kisha mdomo ukawa mnene kama wa mtu mwingine. Niliachwa macho wazi, nikaona kila kitu. Nilisikia mashine ikichimba shimo jipya mbele, kelele kubwa na maji baridi. Halafu daktari akashika gego la chini, akalitikisa kwa upole mno, kama anayetoa yai chini ya kuku, na mara nikaliona hewani mbele ya macho yangu. Jino langu! Dogo, safi, na mzizi wake mfupi umeachama chini kama mdomo wa kinda anayesubiri kulishwa. Hakuligusa mzizi. Alilishika kichwa tu, akalivusha haraka kutoka chini hadi juu, akaligeuza kidogo upande likae sawa, akalitia shimoni. Likaingia. Nilitaka kupiga makofi, muuguzi akanishika mikono.

"Twende, twende, twende," daktari alikuwa ananong'ona, nadhani anaongea na jino. Akalifunga kwa nyuzi ili lisitikisike. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

Baada ya hapo zikaja wiki za mtihani. Nilikatazwa kuuma kitu. Hebu fikiria kukatazwa kuuma, Kariakoo! Kila kona kuna muwa uliomenywa, mahindi yanachomwa, karanga zimefungwa kwenye karatasi, mihogo ya kukaanga yenye pilipili. Nilipita katikati ya harufu zote hizo nimefunga mdomo. Nilikunywa uji usio na sukari, kwa kuwa sukari yenyewe ndiyo hiyo. Mama Manka aliniletea mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi wa kwao, akaupooza kwa kuupulizia yeye mwenyewe, akasema wagonjwa wote wa Kilimanjaro wamepona kwa mtori, na waliojifungua pia. Bibi alikaa kando yangu na kikombe chake cha uji, anakunywa ninachokunywa. Bila tambuu alikuwa mkali kama siafu. Aligombana na kuku, aligombana na bomba la maji. Mchana ulipokuwa mrefu niliona taya lake likitafuna hewa.

"Bibi, tafuna kidogo tu," nikamwambia. "Sitamwambia mtu."

"Wewe umeuma muhindi?"

"Sijauma."

"Basi niache."

Nyuzi zilitolewa. Jino likawa linacheza kidogo, na kucheza kule kulitutia roho juu. Bibi hakuniuliza kitu asubuhi, aliniangalia tu, nami nilikuwa nikilisukuma kwa ulimi kisha natikisa kichwa au naitikia. Kukawa na siku nyingi za kutikisa kichwa. Mara moja alikwenda chooni akarudi macho mekundu, akasema moshi wa jikoni. Kuni zilikuwa hazijawashwa.

Kisha asubuhi moja nililisukuma lisisogee. Nikalisukuma tena. Nilipiga kelele nyumba nzima ikatoka, hata waliokuwa wakioga. Lakini Bibi akasema kelele zangu si kipimo, akajifunga khanga, tukaenda Upanga.

Daktari alichukua chombo chake cha chuma, akakigeuza mpini, akaligonga jino la jirani, ko. Akafumba macho. Akaligonga hili letu. Ko. Akagonga tena yote mawili, ameinamisha kichwa kama anasikiliza ukutani. Kisha akapiga picha ya eksirei, akaenda nayo dirishani, akaita, "Bibi, njoo."

Bibi akaenda. Nami nikajipenyeza. Kwenye ile karatasi nyeusi jino letu lilikuwa jeupe kama mengine, na ule mzizi mfupi ulioachama ulikuwa umerefuka.

"Umeona hapa? Unakua. Jino limekubali kwake."

"Linaishi?"

"Linaishi, Bibi."

Bibi akapiga kigelegele. Ndani ya hospitali! Kigelegele cha harusi, kirefu, kikatoka chumbani kikaenda ukumbi mzima. Muuguzi akaja mbio kutunyamazisha, akakuta daktari anacheka na machozi yanamtoka Bibi, naye akaongeza kigelegele chake. Daktari alilichonga kichwa lile jino siku nyingine, akaliongezea dawa nyeupe iliyogandia, mpaka likafanana na mwenzake. Siku ile ile ya eksirei, tukirudi, Bibi alipitia sokoni kununua majani ya tambuu. Aliyakunja pale pale mbele ya muuzaji, akatia kinywani, akafumba macho. Mimi nikanunuliwa muhindi wa kuchoma, nikauma, kwa jino la mbele. Nyie! Sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Na hapo ndipo hofu iliponijia. Nilikuwa uani nimemaliza muhindi, nikainua macho nikaona bati. Mwenyewe akirudi je? Sasa nilikuwa nimelipenda hili letu. Limevumilia uji bila sukari nami, limeshikilia, limeota mzizi, na huyu mwingine yuko huko juu anaota jua na kunguru, halafu aje aliondoe kama tofali? Nikapanda juu ya kinu, nikapaza sauti: "Usirudi! Hapa pana mtu!"

Bibi akatoka chumbani na tambuu shavuni. "Unamgombeza nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, foleni, jiwe, mwenye nafasi, kunguru. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso umetulia. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, mate mekundu yanamchuruzika kidevuni, akacheka mpaka Mama Manka akachungulia. Tangu siku ya "juu ya bati" nilikuwa sijamsikia akicheka vile. Nilipomwona nami nikacheka, mdomo wazi, mikono yote imeshika tumbo.

Bibi akainuka, akajipangusa, akasimama kando ya kinu, akatazama juu. "Umemsikia?" akaliambia bati. "Hapa pana mtu!"

Bibi hayupo tena, miaka imepita. Mama pia hayupo. Jino lipo.

Bati la mwisho la upande wa uani liliposhushwa niliomba ruhusa, nikainama pale kwenye vumbi kwa nguo zangu nzuri, nikachambua takataka za kwenye mifereji kwa vidole. Nilikuta misumari, gololi moja ya kijani, kizibo cha soda, manyoya ya kunguru. Fundi mkubwa, mtu mzima mwenye mvi kidogo, akanijia.

"Shikamoo, mama. Umepoteza kitu?"

"Marahaba. Jino."

"Jino la nani?"

"Langu. Nililiacha humu nikiwa mdogo."

Alinitazama usoni kwa makini, kwa heshima, kama mtu anayetaka kusaidia kweli. Akanyoosha kidole kuelekea mdomoni mwangu.

"Mbona yote yapo?"

Nikacheka. Nilicheka pale katikati ya Mtaa wa Sikukuu mpaka mafundi waliokuwa juu ya ukuta wakaacha nyundo kunitazama, na mikono yangu, imejaa kutu, sikuipeleka mdomoni.